Sura ya 4: Wazungu kwa Wazungu, Wanagombea Nini?

Swali hili huibuka kila taarifa ya habari inapoigusa Ulaya. Waingereza walijitoa Umoja wa Ulaya, na moja ya sababu kubwa ilikuwa wahamiaji. Lakini wahamiaji waliolalamikiwa zaidi walikuwa Wapolandi, Walithuania na Waromania: Wazungu kama wao, Wakristo kama wao, na wengi wao wana kazi na wanakatwa kodi kila mwezi. Sasa ugomvi ulitoka wapi?

Anayeuliza mara nyingi ana kisa chake. Ameshahangaika na karatasi za viza: taarifa za benki za miezi kadhaa, barua ya mwajiri, bima ya safari, picha yenye vipimo vyake. Amelipa yuro 90 ambazo hazirudi hata akinyimwa. Kichwani mwake Ulaya ni nyumba moja yenye mlango mmoja, nao umefungwa. Akisikia kwamba walio ndani nao wanafungiana vyumba, anashangaa.

Ugomvi huu hauwezi kueleweka kabla ya kutenganisha mambo matatu, ambayo wanasiasa wa Ulaya wenyewe huyachanganya, wengine kwa kutojua na wengine kwa makusudi.

- Uhuru wa kuhama. Ni haki ya raia wa nchi yoyote ya Umoja wa Ulaya kwenda kuishi na kufanya kazi katika nchi nyingine ya Umoja bila kuomba kibali cha kazi.
- Schengen. Ni makubaliano ya kuondoa ukaguzi wa pasipoti kwenye mipaka ya ndani. Yanahusu kupita mpaka tu, hayampi mtu kazi wala makazi.
- Uhamiaji kutoka nje. Hapa ndipo zilipo viza za kazi, wanafunzi wa kigeni na wakimbizi. Mkenya, Mhindi na Msyria wako kundi hili.

Nchi moja inaweza kuwa na kimoja na kukosa kingine. Uingereza haikuwahi kuwamo Schengen, hata ilipokuwa mwanachama wa Umoja. Ireland mpaka leo imo Umoja wa Ulaya lakini haimo Schengen. Uswisi nayo si mwanachama wa Umoja, ila imo Schengen na ina mkataba wake wa uhuru wa kuhama.

Mgodini Ubelgiji

Wengi hudhani uhuru wa kuhama ulibuniwa na watu wenye ndoto za udugu. Udugu ulitajwa, ndiyo, lakini kilichousukuma hasa ni makaa ya mawe.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Ubelgiji ilikuwa na makaa tele na haikuwa na wa kuyachimba. Italia ilikuwa na vijana wengi wasio na kazi. Mwaka 1946 serikali hizo mbili zikaafikiana: Italia ipeleke wachimbaji, Ubelgiji iiuzie Italia makaa. Makumi ya maelfu ya Wataliano wakapanda treni kwenda kaskazini. Wengi walipangiwa kulala kwenye mabanda ya mabati yaliyokuwa yakitumika kuwashikilia wafungwa wa vita. Kibali cha mtu kilifungwa na mkataba wake wa mgodini, kwa hiyo aliyekataa kushuka shimoni alihesabiwa mvunja mkataba na angeweza kurudishwa kwao.

Tarehe 8 Agosti 1956, moto ulizuka kwenye mgodi wa Marcinelle. Walikufa wachimbaji 262, na kati yao 136 walikuwa Wataliano. Italia ikasitisha kupeleka watu. Miezi michache baadaye, Machi 25, 1957, nchi sita zilitia saini Mkataba wa Roma, uliozaa jumuiya ambayo leo ni Umoja wa Ulaya. Italia ndiyo iliyong'ang'ania zaidi kipengele cha wafanyakazi: asiwepo tena mtu wa kusafirishwa kama bidhaa, mfanyakazi aende mwenyewe, achague mwajiri, na alipwe sawa na mwenyeji.

Tangu mwanzo, basi, haki hii ilimhusu mtu wa kazi. Mwaka 1992, Mkataba wa Maastricht uliipanua kwa kuanzisha uraia wa Umoja wa Ulaya, unaoongezwa juu ya uraia wa nchi ya mtu.

Haki yenye masharti

Kwenye majukwaa ya siasa husemwa kwamba raia yeyote wa Umoja anaweza kuhamia nchi tajiri akaishi kwa posho za serikali. Sheria haisemi hivyo. Sheria ya mwaka 2004 inaruhusu miezi mitatu ya kukaa kwa kuonyesha kitambulisho au pasipoti tu. Baada ya hapo mtu awe na kazi au biashara, au awe anatafuta kazi kwa dhati. Asiye na kazi, mwanafunzi akiwemo, lazima awe na bima ya afya na uwezo wa kujikimu. Akitimiza miaka mitano mfululizo ndipo anapata haki ya ukaazi wa kudumu.

Na nchi zinaweza kuyatekeleza masharti hayo. Mwaka 2013 Ubelgiji iliwafutia ukaazi raia zaidi ya 2,000 wa nchi nyingine za Umoja kwa hoja kwamba wamekuwa mzigo kwa mfumo wake wa misaada. Uingereza ilikuwa na sheria hiyohiyo mkononi, ila haikuwa na utaratibu wa kuwaandikisha wakaazi kama ilivyo Ubelgiji au Ujerumani, ambako mtu akihamia mtaani hujiandikisha manispaa. Serikali ya London haikuwa na daftari la kujua nani amekaa muda gani, wala anafanya nini.

Boston, Lincolnshire

Mei 1, 2004, nchi 10 ziliingia Umoja kwa siku moja. Nane zilikuwa za Ulaya Mashariki, Poland ikiwa kubwa kuliko zote. Nchi wanachama wa zamani ziliruhusiwa kuchelewesha kuwafungulia soko la ajira kwa hadi miaka saba. Ujerumani na Austria zilitumia miaka yote saba, hadi Mei 2011. Zilizofungua siku ileile zilikuwa tatu tu: Uingereza, Ireland na Sweden.

Utafiti ulioagizwa na serikali ya Uingereza ulikuwa umekadiria ongezeko la watu kati ya 5,000 na 13,000 kwa mwaka. Hesabu hiyo ilichukulia kwamba nchi nyingine kubwa zingefungua pia. Hazikufungua. Sensa ya England na Wales ya mwaka 2001 ilikuta wakaazi 58,000 waliozaliwa Poland. Ile ya 2011 ikakuta 579,000. Jack Straw, mmoja wa mawaziri waandamizi wa serikali ile, alikuja kukiri hadharani mwaka 2013 kwamba lilikuwa kosa kubwa.

Lakini takwimu za nchi nzima hazionyeshi mahali mambo yalipobana. Boston ni mji mdogo wa mashariki mwa England, kwenye nyanda tambarare zilizowahi kuwa kinamasi, na udongo wake ni kati ya udongo bora wa mboga nchini humo. Kabichi, koliflawa, viazi na maua hutoka huko. Koliflawa haina mashine ya kuivuna yote kwa mkupuo, kwa sababu vichwa haviivi pamoja. Mtu anainama, anaangalia, anakata kwa kisu, anarusha kwenye mtambo unaotambaa mbele yake polepole, na mikononi amevaa glavu zilizoloa, Januari, kabla jua halijachomoza. Vibarua hufuatwa na mabasi madogo alfajiri. Asiyehitajika siku hiyo hajui hadi simu iingie usiku wa kuamkia.

Kazi hizo zamani zilifanywa na wanawake wa mji na vijana wa vyuoni wakati wa likizo. Kisha maduka makubwa ya Uingereza yakaanza kutaka mboga iliyosafishwa na kufungwa kila siku ya mwaka, kwa bei iliyokabwa. Wakulima wakawageukia madalali wa vibarua, na madalali wakaigeukia Lithuania, Latvia na Poland. Mwaka 2001, wakaazi wa Boston waliozaliwa nje ya Uingereza walikuwa hawafiki 2,000. Mwaka 2011 walikaribia 10,000, katika mji na viunga vyake vyenye watu 64,600 hivi.

Mtu wa London anaweza kuona idadi hiyo ni ndogo. London imezoea. Boston haikuzoea, na haikupewa muda wa kuzoea. Nyumba za familia moja ziligawanywa vyumba, kila chumba kikapangishwa watu kadhaa, na kodi za mji mzima zikapanda. Madarasa yakajaa watoto wasiojua Kiingereza. Kumwona daktari kukawa ni foleni. Wakati huohuo faida ilikwenda kwingine: kwa mwenye duka kubwa, na kwa mlaji wa Manchester aliyenunua kabichi kwa bei nafuu bila hata kujua Boston iko wapi.

Serikali ya chama cha Labour iliitambua shida hiyo kwa kuchelewa. Mwaka 2009 ilianzisha mfuko wa kusaidia maeneo yaliyoelemewa, paundi milioni 35 kwa mwaka. Fedha zenyewe zilitokana na ada ya ziada ya viza iliyotozwa wahamiaji kutoka nje ya Ulaya, yaani Mnigeria na Mhindi wakachangia gharama za kuwasili kwa Mpolandi. Serikali iliyofuata ikaufuta mfuko huo mwaka 2010, katika kubana matumizi. Kama kuna uamuzi mmoja unaostahili kulaumiwa katika historia hii yote, basi ni huo. Mwaka huohuo David Cameron, aliyeiongoza serikali hiyo, aliahidi kupunguza uhamiaji hadi makumi ya maelfu kwa mwaka, ilhali kwa raia wa Umoja hakuwa na mamlaka ya kumzuia hata mmoja mwenye kazi.

Watu waliambiwa shida yao imesikika, na hawakuona kilichofanyika. Waliolalamika kwa sauti waliitwa wabaguzi. Aprili 28, 2010, wakati wa kampeni huko Rochdale, mama mmoja mstaafu alimuuliza Waziri Mkuu Gordon Brown maswali mengi, ya deni la taifa, ya ada za vyuo, na moja la watu wa Ulaya Mashariki. Brown alimjibu kwa adabu. Alipoingia garini, akiwa amesahau kipaza sauti bado kimo kotini, alimwita mama yule mbaguzi. Nchi nzima ikasikia. Akarudi nyumbani kwa mama huyo kuomba radhi, lakini wapiga kura wengi walikuwa wameshajisikia kwamba wametukanwa wao.

Ukweli wa uchumi uko wapi? Mwaka 2018, kamati ya wataalamu inayoishauri serikali ya Uingereza kuhusu uhamiaji ilitoa ripoti ndefu. Iliona kwamba wahamiaji wa Ulaya, kwa jumla, walilipa kodi zaidi ya walichopokea kwenye huduma na misaada, na kwamba mishahara ya wenyeji haikuathirika sana, ingawa wenye vipato vya chini kabisa huenda waliguswa kidogo. Ripoti ilitoka miaka miwili baada ya kura. Kwenye kura yenyewe ya Juni 23, 2016, kujitoa kulishinda kwa asilimia 51.9. Boston ilitoa asilimia 75.6, kiwango cha juu kuliko eneo lolote la nchi. Lambeth, wilaya ya London yenye wageni wengi wa kila rangi, ilipiga kura ya kubaki kwa zaidi ya asilimia 78.

Kwa ufupi: Idadi ya wageni peke yake haielezi hasira ya wenyeji. Kasi ya mabadiliko inaeleza zaidi, na zaidi ya hapo ni nani aliyebeba gharama na nani aliyevuna.

Fundi bomba wa Ufaransa

Ufaransa ilikuwa na ugomvi wake, na huu una uchekeshaji kidogo. Mwaka 2005, kabla ya kura ya maoni juu ya katiba ya Ulaya, wapinzani walimtangaza adui mpya: fundi bomba wa Kipolandi, atakayekuja Paris kufanya kazi kwa malipo ya Warsaw. Wafaransa wakaikataa katiba kwa karibu asilimia 55. Baada ya kura, ofisi ya utalii ya Poland ikatoa tangazo lenye kijana mtanashati mwenye vifaa vya ufundi bomba, akisema yeye habanduki Poland, Wafaransa ndio waje kwa wingi. Wafaransa walicheka.

Ndani ya mzaha ule kulikuwa na hoja halali. Kampuni ya nchi moja inaweza kuwapeleka watu wake nchi nyingine kwa kazi ya muda. Hao huitwa wafanyakazi wa kutumwa. Kwa miaka mingi mwajiri alibanwa kuwalipa kima cha chini tu cha nchi waliko, na michango ya hifadhi ya jamii aliilipa kwao, kwa viwango vya kwao. Mjenzi Mfaransa hakuweza kushindana na bei hiyo. Sheria ilibadilishwa mwaka 2018 na kuanza kutumika Julai 2020: kazi moja, mahali pamoja, malipo sawa. Poland na Hungaria zilikwenda mahakamani kupinga, zikashindwa.

Waliobaki nyumbani

Habari za magharibi huhesabu waliofika. Ni nadra kuhesabu walioondoka, na huko ndiko jeraha liliko kubwa zaidi. Bulgaria ilikuwa na karibu watu milioni 9 mwishoni mwa miaka ya 1980. Sensa ya 2021 ilikuta milioni 6.5. Lithuania imeshuka kutoka takriban milioni 3.5 wakati wa sensa ya 2001 na sasa haifiki milioni 3. Sehemu ya upungufu huo ni uzazi mdogo, lakini sehemu kubwa ni watu kuhama, na wanaohama ni vijana.

Romania ilisomesha madaktari kwa fedha za umma, wakaenda kutibu Ufaransa na Ujerumani. Mwaka 2018 serikali ililazimika kupandisha mishahara ya madaktari wa hospitali za umma kwa kiwango kikubwa ili wasiishe. Vijijini, bibi wanalea wajukuu ambao mama zao wanalea wazee wa Wataliano. Msomaji wa Afrika Mashariki aliye na ndugu Dubai au Muscat hahitaji kuelezwa zaidi.

Kisha ukaja mwaka 2020. Mipaka ikafungwa kwa sababu ya korona, watu wakaambiwa wasitoke majumbani. Lakini asparaga za Ujerumani zilikuwa zimeiva, na asparaga haisubiri. Aprili mwaka huo Waromania waliokuwa wakienda kuvuna walisongamana nje ya uwanja wa ndege wa Cluj, bega kwa bega, wakingoja ndege za kukodi. Juni, kiwanda kikubwa cha nyama karibu na Gütersloh kikakutwa na wagonjwa zaidi ya 1,500, wengi wao wafanyakazi wa Ulaya Mashariki walioajiriwa kupitia makandarasi na kulazwa kwenye nyumba zilizofurika. Wajerumani wengi ndipo walipojua nani anawakatia nyama. Kuanzia Januari 2021, viwanda vikubwa vya nyama vilipigwa marufuku kutumia makandarasi kuchinja na kukata nyama.

Uswisi yapiga kura mara mbili

Waswisi huamua mambo makubwa kwa kura ya wananchi. Februari 9, 2014 waliulizwa kama wahamiaji wawekewe kikomo, raia wa Umoja wakiwemo. Ndiyo ilishinda kwa asilimia 50.3. Jimbo la Ticino, ambako maelfu ya Wataliano huvuka mpaka kila asubuhi kwenda kazini na kurudi jioni, lilisema ndiyo kwa asilimia 68.

Umoja wa Ulaya ukasimama kidete: ukivunja uhuru wa kuhama, na mikataba mingine ya biashara inaanguka nayo. Bunge la Uswisi likatunga sheria laini iliyowapa tu wasio na kazi walioko nchini nafasi ya kwanza katika baadhi ya ajira. Septemba 27, 2020 wananchi waliulizwa tena, safari hii waziwazi, kama mkataba wa kuhama ufutwe. Asilimia 61.7 walikataa. Hawakuwa wamewapenda wageni ghafla. Walikuwa wameona bei.

Schengen, na askari waliorudi darajani

Schengen ni kijiji cha Luxembourg kando ya mto Moselle, pale Luxembourg, Ufaransa na Ujerumani zinapokutana. Juni 14, 1985, wajumbe wa nchi tano walitia saini makubaliano yao ndani ya meli mtoni hapo. Ukaguzi uliondolewa kuanzia Machi 1995. Leo nchi zilizomo ni 29. Bulgaria na Romania zilikamilisha kuingia Januari 1, 2025.

Makubaliano yanaruhusu nchi kurudisha ukaguzi kwa muda, penye hatari kubwa. Mwaka 2015, watu wengi, hasa kutoka Syria, Afghanistan na Iraq, walipopita Ugiriki na nchi za Balkani kwenda kaskazini, Ujerumani ilirudisha ukaguzi mpakani na Austria. Huo "muda" umekuwa ukiongezwa tangu hapo. Septemba 2024 Ujerumani iliupanua kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu, na Julai 2025 Poland nayo ikaweka wakaguzi upande wake wa mpaka na Ujerumani.

Anayeumia ni nani? Karibu nusu ya wafanyakazi wa Luxembourg wanaishi ng'ambo ya mpaka: Ufaransa, Ubelgiji na Ujerumani. Moja ya barabara kuu zitokazo Luxembourg kwenda Ujerumani inavuka mto kwa daraja lililo karibu na Schengen yenyewe, na huko polisi wa Ujerumani walisimamisha magari. Luxembourg ililalamika rasmi mjini Brussels. Hofu ya Wajerumani ilihusu waomba hifadhi. Aliyekaa foleni ni muuguzi Mjerumani anayerudi nyumbani kutoka zamu.

Baada ya kujitoa

Uhuru wa kuhama kati ya Uingereza na Umoja ulikoma usiku wa Desemba 31, 2020. Raia wa Umoja waliokuwa wameshaishi nchini waliruhusiwa kubaki, na zaidi ya milioni tano walipewa hadhi hiyo. Septemba 2021 vituo vya mafuta vilikaukiwa kwa uhaba wa madereva wa malori, na serikali ikatoa viza za muda kwa madereva 5,000.

Kisha ikaja ajabu ambayo waliopiga kura ya kujitoa hawakuitaraji. Kufikia mwaka 2023, ongezeko halisi la wahamiaji, yaani walioingia ukitoa waliotoka, lilizidi 900,000 kwa mwaka, rekodi ya nchi hiyo. Karibu wote walitoka nje ya Umoja wa Ulaya: wanafunzi, Waukraine, watu wa Hong Kong, na watumishi wa afya na wa kuhudumia wazee. Hapa Afrika Mashariki imo ndani, kwa sababu Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kuwapeleka wauguzi wa Kenya huko. Mlango wa wahudumu wa wazee ulifunguliwa Februari 2022. Machi 2024 wakakatazwa kuja na wenzi na watoto wao. Julai 2025 uajiri mpya wa wahudumu hao kutoka ng'ambo ukafungwa. Mashamba ya mboga nayo yanawapata vibarua kutoka Kyrgyzstan na Uzbekistan kwa viza ya msimu isiyozidi miezi sita, bila haki ya kuleta familia. Tofauti yao na Mlithuania wa 2010 ni kwamba Mlithuania akidhulumiwa na mwajiri aliweza kuondoka siku hiyohiyo akatafute mwingine.

Kwa hiyo msomaji anayewaza kwenda huko, au aliye na mtoto anayewaza, asisikilize tu kama mwanasiasa "anapenda" au "anachukia" wahamiaji. Aulize anasemwa nani: raia wa Umoja mwenye haki ya mkataba, mfanyakazi mwenye viza, au mwomba hifadhi. Viza ya kutembelea Schengen inamruhusu mtu siku 90 ndani ya kila siku 180, na haimruhusu kufanya kazi hata siku moja, iwe Paris au Warsaw. Viza ya kazi masharti yake hubadilika kwa tangazo la waziri. Kuhusu huyo wa tatu, mwomba hifadhi, na kanuni inayomtaka ashughulikiwe na nchi ya kwanza aliyoingia, habari zake zimo katika sura inayofuata.